Mabalako: Namna wauguzi, polisi na viongozi wanafundishwa kupima hatari ya mama anayepigwa na bwana yake

Katika zoni ya afya ya Mabalako, wilaya ya Beni, mama aliyepigwa na bwana yake haanzi ku tribinali. Anaanza kwa jirani, halafu kwa mama mkwe ao kwa nyumbakumi, halafu kwa mchungaji ao katekista wake. Ku kituo cha afya anafika tu kama damu haikatiki, ao kama ana mimba na tumbo linauma. Na karibu kila mlango anaobisha, swali la kwanza linakuwa lile lile: "Ulimfanyia nini?"

Mafunzo ya kupima hatari ya jeuri kati ya bibi na bwana yanaondoa swali hilo na kuweka lingine pahali pake. Mtu aliyefundishwa, akiwa muuguzi, polisi ao msaidizi wa kisaikolojia, hatafuti kwanza nani ana kosa. Anatafuta kujua kama huyu mama akirudi nyumbani usiku wa leo, kesho atakuwa mzima. Watu wengi wanachanganya kazi hii na upatanisho. Ni kazi mbili mbalimbali, na kuzichanganya kunaweza kumpeleka mtu kaburini.

Jambo lenyewe linagusa nyumba mingi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013-2014 ulionyesha kama kwa kila wanawake 100 wa Congo walioolewa ao waliowahi kuolewa, 57 walikuwa wamepata jeuri ya bwana: ya mwili, ya kingono, ao ya matusi na vitisho. Kwa hesabu kama hiyo hakuna polisi wala muuguzi anayeweza kukimbilia kila nyumba kwa nguvu moja. Njo maana kunahitajika kipimo, ili kati ya wengi wanaoumia aonekane yule ambaye kifo kiko karibu naye.

Maswali sita

Kipimo kinachojulikana zaidi kilitungwa mwaka 1985 na Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani. Alikuwa anachunguza habari za wanawake waliouawa na mabwana zao, akaona kama alama fulani zinarudia-rudia mbele ya kifo. Leo kipimo chake kina maswali 20 na kalenda. Mama anapewa kalenda ya miezi 12 na kuweka alama ku siku alizopigwa, pamoja na uzito wa kila kipigo. Kalenda hiyo ina faida kuliko inavyoonekana. Mama aliyekuwa anasema "ananipiga mara moja moja tu" anaangalia karatasi na kuona mwenyewe kama siku zimekaribiana na mapigo yamekuwa makali. Kwa mama asiyefuata tarehe, mfundishwa anaweza kutumia alama za maisha ya hapa: wakati wa feza ya kakao, kufunguliwa kwa masomo, Noeli, Pasaka, wiki ile watu walikimbia kijiji.

Kwa muuguzi ambaye ana wagonjwa 40 wanaongoja inje, maswali 20 ni mingi. Kitabu cha OMS cha mwaka 2014, kilichoandikwa kwa wanaotunza wanawake waliopata jeuri, kinatoa maswali sita tu, na mwaka 2019 OMS ilitoa pia mpango mzima wa mafunzo kwa watumishi wa afya. Maswali yenyewe ni haya. Je, katika miezi 6 iliyopita mapigo yameongezeka ao yamekuwa makali zaidi? Je, aliwahi kukupiga na silaha ao kukutisha nayo? Je, aliwahi kujaribu kukukaba koo? Je, unaamini kama anaweza kukuua? Je, aliwahi kukupiga wakati ulikuwa na mimba? Je, ana wivu mkali usioisha? Mama anayejibu ndiyo kwa matatu ao zaidi anahesabiwa kuwa katika hatari kubwa, ya leo na kesho, hapana ya siku za mbali.

Swali la koo njo linalosahaulika zaidi. Mama mwenyewe halitaji juu mara mingi shingo haina alama, naye anaona ni jambo dogo kuliko jicho lililovimba. Lakini kukabwa koo kunazuia damu na hewa kufika ku ubongo, na kunaweza kuua nyuma ya saa mingi ao nyuma ya siku, wakati kila mtu anafikiri mambo yameisha. Muuguzi anafundishwa kuangalia sauti iliyobadilika, vidoti vyekundu ndani ya macho, kumeza kwa shida, kizunguzungu, na kuuliza kama mkojo ulitoka bila mama kujua. Mama huyu haruhusiwi kurudi nyumbani kwa haraka: anapashwa kuchungwa. Tena, utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kama mwanamke ambaye bwana yake aliwahi kumkaba koo alikuwa katika hatari ya kuuawa naye mara 7 hivi kuliko mwanamke mwingine anayepigwa bila kukabwa. Muuguzi anayeandika ndani ya rejista "kipigo" bila kuuliza koo ameacha nusu ya kazi yake.

Swali la silaha linaomba akili ya mahali. Katika Mabalako kila nyumba iko na panga, juu ya shamba na juu ya kakao. Kuwa na panga si alama ya kitu. Kinachotafutwa ni kama aliwahi kuliinua juu ya bibi yake, ao kulala nalo chini ya mto akisema maneno. Na kama bwana anavaa uniforme, ao yuko ndani ya kikundi chenye bunduki, jibu ni zito tayari mbele ya maswali mengine: katika utafiti mkubwa wa Campbell katika miji 11 ya Marekani, uliotolewa mwaka 2003, mpigaji mwenye bunduki aliongeza hatari ya kifo mara 5 hivi.

Swali la nne, lile la kuamini kama anaweza kukuua, wafundishwa wengine wanaliona la hisia tu. Ni kinyume. Mama anayesema "huyu ataniua" anajua mambo ambayo hakuna mwingine anayajua: namna bwana anavyotembea akiwa na hasira, siku gani hanyamazi. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kama karibu nusu ya wanawake waliouawa hawakuwa wametambua ukubwa wa hatari yao. Kwa hiyo kanuni ni moja na inakwenda upande mmoja tu: woga wa mama unaongeza hatari ku karatasi, lakini kukosa woga hakupunguzi kitu.

Hesabu hizi zinapashwa kutumiwa kwa kiasi. Zilitoka inchi ambako polisi anaitwa kwa simu na kufika na gari. Mama wa Aloya ao wa Linzo aliyejibu ndiyo kwa maswali mawili tu, lakini anaishi peke yake na bwana ku shamba, mbali na jirani, anaweza kuwa katika hatari kuliko mwingine wa Mangina mwenye ndiyo nne na ndugu watatu ku avenyu moja. Karatasi inasaidia macho kuona. Haiwezi kuona pahali pao.

Namna ya kuuliza pia ni sehemu ya mafunzo. OMS haishauri kuuliza kila mwanamke anayeingia. Inashauri kuuliza pale alama zinaonekana: majeraha yasiyofanana na maelezo, mimba zinazoharibika, kukosa usingizi, bwana anayejibu kila swali pahali pa bibi. Na kuuliza ni kwa faragha. Hata mtoto mwenye umri kupita miaka 2 hapashwi kuwa ndani ya chumba, juu mtoto anarudia nyumbani aliyoyasikia. Katika vituo vingi vya vijiji pazia tu njo linatenga chumba na ukumbi. Hapo muuguzi mwerevu anamwita mama kwa kupimwa uzito, ao kwa sindano, na kumwachia bwana kazi ya kungoja inje.

Siku ya kuondoka

Watu wa inje wanauliza: kwa nini haondoki? Waliofundishwa wanajua kama siku ya kuondoka, na wiki zinazofuata, njo wakati wa hatari zaidi. Mpigaji anaona kama mali yake inamponyoka. Utafiti wa 2003 ulihesabu pia kutengana kati ya alama zinazopandisha hatari, hasa kama bwana ni mtu wa kuamuru kila kitu ndani ya nyumba, na kama kuna mtoto ambaye si wake.

Hapa desturi zetu zinaingia ndani. Mama akirudi kwao, mara mingi ndugu wanafikiria mbuzi za mahari, na namna ya kuzirudisha kama ndoa imevunjika. Baraza linakaa. Wazee wanasikiliza pande mbili, bwana anatozwa kitu, bibi anaombwa kuvumilia juu ya watoto, na mbele ya jioni amerudishwa. Hakuna aliyekusudia mabaya. Lakini katika baraza ile mama amelazimishwa kusema mashitaka yake mbele ya mtu anayemuogopa, halafu amepelekwa kulala naye chumba kimoja. Mafunzo mazuri hayatukani baraza. Yanaomba jambo moja kwa wazee, wachungaji na nyumbakumi: maswali ya hatari yaulizwe kwanza, kwa faragha, na kama majibu ni mabaya upatanisho usimame. Kupatanisha kunafaa pale watu wawili wana nguvu karibu sawa. Pale mmoja anashika koo la mwingine hakuna mazungumzo ya kusimamia.

Kusimamia hatari: watu wa Mabalako wanajua kazi hii

Kupima bila kufuata ni kazi bure. Na hapa zoni ya Mabalako ina ujuzi ambao pahali pengine hawana. Wakati Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu cha kwanza kilikuwa Mangina, kilomita karibu 30 kutoka mji wa Beni. Mpaka mwisho wake kutangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wamepatwa na 2.287 wamekufa. Katika miezi ile wauguzi na warele walijifunza kufuata kontakte siku 21: unarudi kila siku, unapima joto, unaandika, huachi juu jana alikuwa muzima. Hatari ya nyumbani inafuatwa vilevile. Haiko sawa leo na kesho. Inapanda bwana akipoteza kazi, akianza kunywa kasiksi kila asubuhi, feza ya kakao ikiingia na kugombaniwa, mimba ikijulikana, ao habari ya kutengana ikimfikia. Mtu aliyepimwa "kati" mwezi uliopita anapimwa tena.

Kipindi kile cha Ebola kiliacha pia kidonda. Tume huru, ambayo Mama Julienne Lusenge wa Congo aliiongoza pamoja na Aïchatou Mindaoudou wa Niger, ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja washukiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika shughuli za kupigana na ugonjwa huo, 21 kati yao wakiwa watumishi wa OMS yenyewe. Muuguzi anayeshangaa kwa nini mama hamuelezi kitu afikirie hilo. Uaminifu hauombwi. Unatengenezwa kwa kutunza siri, mara ya kwanza na mara ya kumi.

Kazi yenyewe ya kusimamia hatari inaanza na mpango wa usalama, unaotungwa pamoja na mama, hapana kwa niaba yake. Akikimbia usiku atakwenda kwa nani, na yule mtu amekubali? Watoto watatoka na nani? Feza ya moto iko wapi? Kadi ya mchaguzi, karatasi za kliniki na bulletin za watoto zinaweza kuwekwa kwa dada ao kwa rafiki mbele ya wakati. Jirani anaweza kupewa alama: sufuria ikigongwa mara tatu, watu wanakuja kuomba chumvi, wengi kwa pamoja. Mama anashauriwa pia, ugomvi ukianza, atoke jikoni na kila chumba chenye panga ao chenye mlango mmoja tu. Ni mambo madogo. Lakini katika zoni ambako nyumba ya kukimbilia ni shida kupata, na ambako kukimbilia porini usiku ni kukutana na hatari nyingine, maana mauaji katika wilaya ya Beni hayajanyamaza tangu Oktoba 2014, mambo madogo njo yanayobaki.

Mpango huo haupashwi kuandikwa ku karatasi ambayo mama anapeleka nyumbani. Faili inabaki ku kituo, ndani ya sanduku lenye ufunguo, na namba pahali pa jina. Mtumishi hampigii mama simu bila kupatana naye saa na neno la kusema kama bwana anaitika. Warele, ambao wanajua kila parseli, wanafundishwa kuelekeza tu, wasianze kuchunguza. Na pikipiki ya shirika lenye maandishi makubwa kusimama mbele ya nyumba ya mama ni sawa na kutangaza ku radio.

Kama kulikuwa kulazimishwa kwa kingono, saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapashwa kuanza mbele ya saa 72 kupita, na dawa ya kuzuia mimba mbele ya siku 5. Hospitali kubwa ya zoni njo pahali pa kuelekeza kwanza. Kwa kesi nzito kuna pia wale waliozoea kazi hii jimboni, kama FEPSI katika Butembo, HEAL Africa katika Goma wakati barabara inaruhusu, na SOFEPADI, shirika la wamama lililoanzia Bunia mwaka 2000.

Polisi na sheria

Uganda ina sheria ya pekee ya jeuri ya nyumbani tangu 2010, na Kenya tangu 2015. Sheria hizo zinampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, inayomkataza mpigaji kukaribia nyumba. Congo haina sheria ya pekee ya namna hiyo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaamuru serikali kupigana na jeuri juu ya wanawake, ku maisha ya watu wote na ya nyumbani pia. Kanuni ya jinai inaadhibu mapigo na majeraha ku vifungu vya 43 mpaka 48, na mapigo yakileta kifo bila kukusudia, kifungo ni miaka 5 mpaka 20. Sheria za 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono zinakataza kesi hizo kufungwa kwa kulipa faini kwa polisi. Lakini Kanuni ya familia, hata kisha kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016 na kuondoa ruhusa ya bwana juu ya kazi za bibi, imeacha ku kifungu cha 444 kama bwana njo mkubwa wa nyumba. Kuna wababa wanaokisoma kifungu hicho kama ruhusa ya fimbo. Si hivyo hata kidogo.

Polisi aliyefundishwa anafanya mambo mawili ambayo asiyefundishwa anayasahau. La kwanza, hamfungi bwana siku mbili na kumwachilia bila kumjulisha mama mbele. Kuachiliwa kwa ghafla ni hatari kuliko kutofungwa. La pili, anauliza bwana ni nani. Akiwa askari ao polisi, kesi ni ya mahakama ya kijeshi, na mama anapashwa kuelezwa hilo mapema ili asizungushwe afisi kwa afisi, na asikute kama faili yake imepita mikononi mwa rafiki za bwana. Tangu utawala wa kijeshi kuwekwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, mstari kati ya afisi za raia na za askari umekuwa mgumu kuona kwa mtu wa kijiji. Mtumishi wa afya anapashwa kuujua kwa niaba yake.

Na wababa?

Kuna mafunzo pia ya kufanya kazi na wapigaji wenyewe, na hapa ni vizuri kutojidanganya. Katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini programu moja ya vikundi vya majadiliano ya wanaume ilipimwa kwa utafiti mkubwa, matokeo yakatolewa mwaka 2020. Mawazo ya wanaume yalibadilika kuwa mazuri, lakini jeuri ambayo bibi zao walieleza haikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi ukilinganisha na vijiji vingine. Katika Kampala, programu ya SASA! iliyofanya kazi na mtaa mzima, wanawake kwa wanaume, viongozi na polisi, ilifika mbali zaidi: utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha jeuri ya mwili kuwa chini kwa karibu nusu katika mitaa iliyofikiwa. Tofauti inasema kitu. Bwana anayebadilika ndani ya kikundi kila Jumamosi anarudi ku avenyu ambako rafiki zake wanamcheka.

Kwa mtu anayepima hatari, maana yake ni moja: bwana kuingia ndani ya kikundi, kutubu kanisani ao kutia sahihi ku karatasi mbele ya shefu si sababu ya kufunga faili ya bibi yake. Mama anaulizwa tena maswali yale sita, peke yake, nyuma ya mwezi mmoja, na tena nyuma ya mitatu.